Wakili wa kupewa na mahakama si "wakili wa Serikali"

Mama mmoja wa Kiwira alinishika mkono nje ya mahakama pale Tukuyu, akaninong'oneza: "Mwanangu wamempa wakili wa Serikali. Basi tena, wameshammaliza." Kijana wake alikuwa na kesi ya mauaji. Mtu aliyemtia mama yule hofu kiasi hicho ndiye pekee aliyeletwa kumtetea mwanawe.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Rungwe. Kauli hii naisikia kuliko nyingine zote, na chanzo chake ni jina. Wakili wa Serikali ni mwanasheria anayeendesha mashtaka kwa niaba ya Jamhuri, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Anayeteuliwa na mahakama kumtetea mshtakiwa asiye na uwezo ni wakili wa kujitegemea. Ni yule yule mwenye ofisi yake Mbeya mjini, ambaye siku nyingine analipwa na wateja wake. Mahakama inamteua na posho yake inatoka kwenye fedha za umma, lakini namna ya kutetea haamuliwi na mtu. Wote wawili huvaa majoho meusi, na ndugu walioketi benchi la nyuma hushindwa kujua yupi ni yupi.

Wengine huniambia: "Ukimwambia siri zako, anampelekea jaji." Hapa ndipo watu wanapoumia. Sheria ya Ushahidi inamzuia wakili kutoa nje yale aliyoambiwa na mteja katika kazi hiyo, hata kama mteja hajamlipa shilingi moja. Kinga hiyo inakosekana pale mteja anapotafuta msaada wa kutenda uhalifu.

Kijana wa Kiwira alinyamaza mbele ya wakili wake. Siku ya tukio alikuwa Kyela akivuna mpunga, na watu aliovuna nao wapo. Mama alijua, mimi nikaja kujua, wakili hakujua. Sasa sikilizeni: utetezi wa kwamba hukuwepo eneo la tukio unatakiwa kutolewa taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ukichelewa, toa maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Ukikaa nao moyoni mpaka siku ya kujitetea, mahakama inaweza isiupe uzito wowote. Tulimpigia wakili jioni ile ile. Alirudi mahabusu kumwona kijana, akaandika taarifa ikiwa bado ina maana. Familia imeniruhusu kuyasimulia haya.

"Cha bure hakina uchungu." Sitasema neno hili halina mizizi. Posho ni ndogo ukilinganisha na malipo ya mteja binafsi, na nimeona wakili akikutana na mshtakiwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, jalada likiwa bado jipya mkononi. Hilo linanikera na sitalitetea. Lakini dawa yake ipo: wakili anaweza kuomba muda wa kuongea na mteja, na mshtakiwa mwenyewe anaweza kumwambia jaji kwamba hawajazungumza. Kinachosikitisha ni familia inayouza ng'ombe ili "imtafute wa kweli", halafu fedha inaishia kwa kishoka ambaye hayumo hata kwenye orodha ya mawakili. Wakili wa kupewa na mahakama naye hatakiwi kudai chochote kwa ndugu. Akidai, mwambieni msajili wa mahakama.

"Anamtetea muuaji." Huku kwetu wakili huyo utakutana naye msibani, na ndugu wa marehemu wamekaa mkeka wa pili. Naelewa uchungu wao. Ila Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kazi ya wakili ni kulazimisha uthibitisho huo uwepo. Maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa aliyoandikisha polisi, yakidaiwa kutolewa kwa kipigo, anayapinga, na jaji anasikiliza kwanza kesi ndani ya kesi, yaani ushahidi wa jinsi yalivyopatikana, kabla ya kuyapokea. Kama marehemu alikufa katika ugomvi wa ghafla kilabuni, anaonyesha hapakuwa na nia ya kuua. Hatia ya mauaji adhabu yake ni kifo. Kuua bila kukusudia kunaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji ana nafasi ya kupima.

Kuna dhana nyingine ya upande wa pili: eti kila anayeshtakiwa hupewa wakili. Kwenye mauaji Mahakama Kuu, ndiyo. Lakini ubakaji na unyang'anyi wa kutumia silaha husikilizwa mahakama za chini, kifungo chake kikianzia miaka 30, na wengi husimama kizimbani peke yao. Mimi si wakili, kwa hiyo siruhusiwi kuwasemea humo ndani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa hakimu uwezo wa kuelekeza mtu asiye na uwezo apatiwe msaada, haki ikidai hivyo. Kwa hiyo omba, tena kabla shahidi wa kwanza hajaapa: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba mahakama inisaidie." Omba pia ombi hilo liandikwe kwenye mwenendo wa kesi.