Mkoko hauli chumvi, unaivumilia tu

Msimu wa kupanda mikoko umefika na simu zimeanza kuingia ofisini kwetu, vikundi vya kupanda vinasema miche imekauka yote, eti sisi tuliwapa mibovu. Naomba tuelewane. Mingi inakufa kwa chumvi, na shida ni hii imani kwamba mkoko ni mti wa baharini kwa hivyo chumvi ndio chakula chake. Sio kweli jamani.

Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Sasa nenda zile sehemu za juu zinazofikiwa na bamvu peke yake, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua linapiga siku kumi na zaidi maji hayajarudi, yanakauka chumvi inabaki, mpaka udongo unakuwa na chumvi hata mara mbili ya bahari. Mzizi hauwezi kuvuta maji hapo, mche unakufa kiu na tope liko miguuni. Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, chumvi inavunwa kwa njia hiyohiyo ya bahari na jua, halafu kikundi kinachagua uwanja kama huo sababu uko wazi na ni rahisi kufika!

Mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, unaichuja chumvi mizizini. Mchu, aina nyingine ya mikoko, unainywa kisha unaitoa kwenye majani, lamba jani utaionja, ndio maana unastahimili kule juu, ingawa hata huo hapo unabaki kijiti. Mlilana, nao ni aina ya mikoko, unataka mbele upande wa bahari, maji yanapoufikia kila siku. Na mche ni dhaifu kuliko mti mzima, kwa hivyo tafadhali msiniambie "mbona pale pana mti mkubwa".

Kingine ni matuta. Ukifunga mkondo, maji ya kujaa hayaingii na maji matamu ya mvua au mto hayashuki kuosha udongo, basi hata mikoko ya miaka mingi inakauka imesimama.

Utaratibu sasa. Mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, kwa hivyo hata kupanda mnapitia kwanza chama cha jamii cha misitu cha eneo lenu, kisha ofisi ya KFS (Huduma ya Misitu Kenya), ndio twende pamoja tuchimbe shimo, maji yajae, tupime chumvi. Kukata bila leseni, Sheria ya Misitu ya 2016 inasema faini si chini ya shilingi 100,000 au kifungo si chini ya miezi 6, au vyote viwili. Narudia, SI CHINI YA, hicho ndicho kiwango cha kuanzia. Boriti moja pia ni kukata. Kuwa na shamba linalopakana na mikoko sio leseni.

Mkija ofisini njooni na mvuvi wa hapo kwenu, anajua maji yanaishia wapi wakati wa bamvu na wakati wa maji mafu, yale madogo yasiyofika mbali, kuliko ramani yetu.