Mwambie jirani kilichomo kiwandani: dhana potofu kuhusu ajali za kemikali na mafuta nchini Uganda

Kuna sentensi ninayoisikia karibu kila kikao ninachokaa na mameneja wa viwanda, iwe Namanve, iwe Jinja, iwe kwenye maghala ya mpakani Malaba. Wanaoisema si watu wabaya. Wengi wao hulipa mishahara kwa wakati na huwavalisha wafanyakazi wao helmeti na viatu vya kazi. Ila ukiwafikisha kwenye suala la majirani, jibu ni lile lile: “Mwalimu, tukiwaambia watu wa nje kwamba humu ndani mna amonia, tutazua taharuki. Bora wasijue.”

Kazi yangu ni kuviandaa viwanda, wilaya na askari wa zimamoto kwa ajali za kemikali na mafuta. Katika yote yanayokwamisha kazi hii, hakuna linaloniudhi kama hilo, kwa hiyo ndilo nitakalolisemea kwa kirefu.

Dhana: majirani wakijua watapata hofu, bora wasijue

Kwanza kabisa, wanajua. Pua ya binadamu huinusa amonia, gesi kali inayopozesha majokofu ya viwandani, ikiwa sehemu chache tu katika sehemu milioni za hewa, ilhali kiwango kinachomlazimu mfanyakazi asiye na kifaa cha kupumulia akimbie papo hapo ni sehemu 300. Mama anayekaanga samaki nyuma ya ukuta wa kiwanda chenye majokofu makubwa ameshaizoea harufu ile. Asichokijua ni maana yake. Harufu ya leo ni ya mafundi wanaofanya matengenezo, au ni ya kuwashika watoto mkono na kuondoka? Na akiondoka, aelekee upande gani? Hofu huzaliwa hapo. Ukimnyima habari, unamwacha abahatishe usiku akiwa na mtoto mgongoni.

Bhopal, India, walibahatisha. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, takribani tani 40 za methili aisosianeti zilivuja kutoka kiwanda cha viuatilifu na kutanda juu ya mitaa iliyolala. Watu waliamka wakikohoa, macho yakiwaka, wakatoka mbio, na wengi wakakimbia wakifuata upepo, yaani pamoja na gesi yenyewe. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kufunika uso kwa kitambaa kilicholowa maji wala kukimbia wakiukata upepo kwa ubavu. Hospitalini, madaktari walipokea umati bila kujua wanatibu gesi gani. Walikufa maelfu. Baada ya msiba huo Marekani ilitunga sheria mwaka 1986 inayovitaka viwanda kuieleza kamati ya eneo na zimamoto kile vinachohifadhi, na mwaka 1988 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilianzisha mpango wake wa kuwaandaa wananchi na viwanda kwa pamoja katika ngazi ya mtaa. Msingi wa mipango yote miwili ni mmoja: jirani aambiwe kabla ya ajali.

Pili, na hili mameneja hulisahau, anayemficha jirani huishia kumficha na zimamoto. Siri haichagui. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, kikosi cha watu kumi kilitumwa kuzima moto kwenye ghala la bandari bila kuambiwa kwamba ndani mna tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali inayoweza kulipuka. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi. Tianjin, China, Agosti 2015, ghala la kemikali liliua watu 173, na wengi wao walikuwa wazimamoto. Vijana wale hawakukosa ujasiri wala magari. Walikosa karatasi moja yenye majina na kiasi cha vitu vilivyokuwa mbele yao.

Sasa tuje kwetu. Zimamoto wa Uganda ni kurugenzi ya Polisi, na afisa wa polisi huhamishwa. Aliyetembelea kiwanda chako mwaka juzi akakariri lango na vali zako, leo huenda yuko Lira au Mbarara. Kama habari za kiwanda zinakaa kichwani mwa mtu, zimeondoka naye. Na habari hizo ndizo zinazoamua kama bomba la maji litasaidia au litaua. Amonia iliyomwagika ikiwa kimiminika huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Ukiinyunyizia maji yale madogomadogo kama ukungu kwenye wingu lake, maji huifyonza gesi na kukupa nafasi ya kuokoa watu. Ukiyamwaga maji hayo hayo juu ya dimbwi lenyewe, unalipasha joto na wingu linaongezeka. Mtungi wa klorini unaovuja haumwagiwi maji pale panapovuja, kwa sababu klorini na maji hutengeneza asidi inayokula chuma na kulipanua tundu. Afisa hawezi kuyapanga haya akiwa getini huku askari wa zamu anamwambia “sijui, subiri meneja.”

Wengine hunijibu kwamba ni siri ya biashara. Jirani hahitaji bei zako, wateja wako wala mchanganyiko wako. Anahitaji mambo manne: kuna nini humo kinachoweza kumfikia, king’ora chake kinalia vipi, akikisikia afanye nini, na nani atamwambia kwamba hatari imekwisha. Zimamoto, kamanda wa polisi wa wilaya, afisa afya wa wilaya na hospitali ya karibu wao wapewe zaidi: jina la kemikali, namba yake ya Umoja wa Mataifa (amonia ni 1005, klorini ni 1017), kiasi cha juu kabisa kinachowahi kuwepo, ramani ya mahali ilipo na vali ya kuifunga, na simu mbili za watu wanaopokea usiku. Yote hayo yanaenea ukurasa mmoja. Nakala moja ikae getini, kwenye kisanduku kisichofungwa kwa kufuli.

Tena sheria ilishasema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na umma kwa jumla dhidi ya hatari za shughuli yake, kwa gharama yake mwenyewe. Umma ni yule mama wa samaki.

Lawama hii haiishii kwa viwanda. Sera ya taifa ya kujiandaa na kukabiliana na majanga, ya 2010, inataja kamati za majanga kuanzia wilayani hadi kijijini. Mwaka huo huo, mwezi Machi, maporomoko ya udongo yalikuwa yamefukia watu Bududa, na mpaka leo wilaya nyingi zikisikia neno janga zinawaza tope, mafuriko na ukame. Kamati inakaa, afisa mazingira yupo, wa afya yupo, polisi wapo, lakini kiwanda chenye tani za amonia kilomita mbili kutoka hapo hakikualikwa. Afisa Mkuu Tawala (CAO), mtendaji mkuu wa wilaya, akituma barua moja, meneja atakuja. Sijaona meneja anayekataa barua ya CAO.

Ushauri ninaoanza nao kila mahali ni mdogo mno hadi watu hudhani sijautafakari: shona kitambaa cha kuonyesha upepo, kama kile cha uwanja wa ndege, cha rangi ya machungwa, ukitundike juu mahali ambapo hata watu wa nje ya ukuta wanakiona. Fundi cherehani yeyote anakiweza. Kando ya Ziwa Victoria, kutoka Entebbe hadi Jinja, mchana upepo kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Kiwanda chenye mahali pamoja pa kukusanyika kimejiandaa kwa nusu ya siku. Nimesoma mipango mingi iliyoandikwa vizuri, yenye picha na mihuri, ambayo saa nane mchana ingeokoa watu na saa nane usiku ingewapeleka ndani ya wingu.

Na usiniambie amonia ni nyepesi kuliko hewa, itapanda juu. Ikiwa imepoa namna ile, wingu lake hutambaa chini pamoja na unyevu, likipitia mitaro na vibonde, hadi lipate joto.

Dhana: kwetu hakuna kiwanda, hayatuhusu

Kama barabara kuu inapita kwenu, yanawahusu. Mafuta mengi ya Uganda yanaingia kwa malori kupitia Malaba na Busia, na yakiisha kuingia hupita Tororo, Bugiri, Iganga, kisha yanasambaa nchi nzima. Tarehe 29 Juni 2013, pale Namungoona kwenye barabara ya pembeni ya kaskazini mwa Kampala, lori la petroli liligongana na gari. Watu wakaja kukinga mafuta, wengi wao vijana wa boda boda, na moto ukalipuka wakiwa pale pale. Walikufa takribani thelathini au zaidi. Agosti 2019 huko Kyambura, Rubirizi, lori lililoshindwa kusimama liligonga magari na kulipuka katikati ya senta ya biashara, na waliokufa hawakuwa wamekwenda kukinga chochote. Oktoba 2024, Kigogwa, barabara ya Kampala kwenda Gulu: lori limeanguka, watu na majerikeni, moto.

Wanaponiambia “ilikuwa haijawaka, kwa hiyo ilikuwa salama,” nachoka. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Uganda hakuna saa ya siku ambayo petroli iliyomwagika haitoi mvuke huo. Mvuke ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kwenye mitaro mpaka unakuta sigiri ya muuza chapati au injini ya boda iliyowashwa, kisha moto unarudi ulikotoka. Umbali wa kufanyia kazi ni huu: mmwagiko mkubwa, waondoe watu walio upande upepo unakoelekea kwa angalau mita 300, tangi likishashika moto, mita 800 pande zote. Zile namba kwenye bamba la rangi ya machungwa la lori, 33 juu na 1203 chini, maana yake petroli. Zisome ukiwa mbali, uzitaje unapopiga 999 au 112.

Zimamoto hawawezi kufika ndani ya dakika kumi za kwanza kwenye barabara hiyo ndefu. Anayefika ni mwenyekiti wa steji ya boda na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hao ndio wa kufundishwa, na makampuni ya mafuta ndiyo yanayopaswa kugharamia mafunzo yao, pamoja na filimbi na utepe wa kuzuia njia. Nimependekeza hivyo kwenye vikao vingi na nitaendelea kupendekeza.

Dhana: maji huzima kila moto

Petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo ukiyamwaga unausukuma moto hadi mlangoni kwa jirani. Kabidi ya wachomeleaji ikilowa hutoa gesi ya asetilini. Moto wa petroli unataka povu. Kiulize kituo chako cha zimamoto kina povu kiasi gani leo, kisha makampuni ya eneo moja yaweke akiba ya pamoja na yaandikiane nani anampa nani, saa ngapi, kwa funguo za nani.

Dhana: barakoa inatosha

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia vumbi na matone. Gesi inapita. Hata kitambaa kilicholowa ni cha kukuvusha hatua chache ukitoka, hakimruhusu mtu kurudi ndani kumwokoa mwenzake. Wengi hufa katika kurudi huko.

Dhana: aliyevuta gesi apewe maziwa

Maziwa yanaingia tumboni, gesi iko mapafuni. Mtoe hapo umpeleke kwenye hewa safi, mvue nguo zilizolowa kemikali, na macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Anayepumua kwa shida apelekwe hospitali, na jina la kemikali liandikwe kwenye karatasi aende nalo.

Dhana: mpango tunao, uko kwenye faili

Cheti cha mazingira kinaonyesha mlikidhi masharti siku mlipokaguliwa. Mpango hupimwa kwa zoezi, nalo lisiwe lile la saa nne asubuhi lenye mgeni rasmi na soda. Fanyeni Jumapili usiku, meneja asiwepo, na askari wa geti ndiye apige simu zote. Andika ilichukua dakika ngapi mpaka hospitali ikajua ni kemikali gani, mpaka mwenyekiti wa LC1 akajua aelekeze watu upande gani, na ni simu zipi hazikupokelewa. Zile zisizopokelewa zibadilishwe kesho yake, kwenye nakala zote, na ile ya getini iwe ya kwanza.