Aliyebaki kaunta naye afundishwe

Barua ya mwaliko wa semina ikifika maktaba, jina linalojazwa huwa ni la mkubwa. Semina iko Dodoma au Morogoro, siku tatu, kuna nauli na posho, na siku ya mwisho kuna cheti na picha ya pamoja. Mkubwa anarudi na begi lenye nembo, ndani yake makabrasha, na makabrasha yanaingia kabatini. Wiki inayofuata msomaji akiingia, anayempokea ni mhudumu yule yule aliyebaki, na anampokea vile vile alivyompokea mwezi uliopita.

Nafundisha watumishi wa maktaba huku Kusini, Mtwara na Lindi. Msimamo wangu ni kwamba mafunzo yenye faida kwa maktaba zetu ni yale yanayofanyika ndani ya jengo lenyewe, kidogo kidogo kila wiki, yakitokana na maswali ya wasomaji wetu, na yakimhusu kila anayekutana na msomaji, hadi mlinzi wa getini. Semina sizikatai (na posho sizikatai, tusidanganyane). Semina ni kiungo tu. Chungu lazima kiwe jikoni kwako.

Mafunzo rasmi yapo na yana heshima yake. Huduma ya maktaba za umma iliundwa kwa sheria mwaka 1963, Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam Desemba 1967, na tangu 1989 tuna chuo cha Bagamoyo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kile ambacho wengi tunakiita SLADS. Anayetoka pale na astashahada au stashahada anajua kuorodhesha, kuainisha na kutunza nyaraka. Ila kutoka Mtwara hadi Dar tu ni zaidi ya kilomita 550, Bagamoyo bado iko mbele, na mvua zikichachamaa kama za 2024 barabara inakatika kule Somanga na safari inaishia hapo. Isitoshe, wengi wanaokaa kaunta hawakupita Bagamoyo. Yupo aliyehamishiwa kutoka idara nyingine, yupo kijana wa kujitolea, na kwenye shule yupo mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa maktaba juu ya vipindi vyake ishirini na kitu. Hao ndio maktaba yenyewe machoni pa msomaji.

Mwaka 2016 shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, IFLA, lilitoa mwongozo wa mafunzo endelevu. Unapendekeza karibu asilimia 10 ya saa za kazi ziende kwenye kujifunza, na asilimia 0.5 hadi 1 ya bajeti ya taasisi itengwe kwa ajili hiyo. Mtumishi wa saa 40 kwa wiki ana saa 4. Nikiwatajia wakuu wa vituo saa 4 wananitazama kana kwamba nimeomba gari. Basi huwa naomba saa moja, Jumatano asubuhi kabla milango haijafunguliwa. Na siyo Oktoba wala Novemba, maana miezi hiyo kidato cha nne wanajaza chumba cha kusomea na hakuna mwenye nafasi hata ya kuketi.

Mada za hiyo saa moja zinatoka kwenye daftari la kawaida linalokaa kaunta. Kila swali lililotushinda, au lililotuchukua muda mrefu, linaandikwa: msomaji alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, tulimpa nini, akaondoka vipi. Jina lake haliandikwi. Daftari likiwa na kurasa tatu tu, tayari unajua kituo chako kina njaa ya mafunzo gani, na mara nyingi haifanani na ratiba ya semina ya Dodoma.

Chukua korosho. Mwanafunzi anaingia.

“Shikamoo mama. Naomba kitabu cha korosho.”

Asiyefundishwa anamwonyesha kidole kuelekea namba 634, rafu ya miti ya matunda. Kijana anapekua, anakuta habari za kupanda na kupalilia, anasema “ahsante mama” na kuondoka mikono mitupu. Aliyefundishwa anaendelea hivi:

“Marahaba mwanangu, karibu. Korosho ina mambo mengi, wewe hasa unatafuta nini?”

“Tumepewa kazi ya kundi. Ni kuhusu mnada.”

“Mnada, upande wa bei, au namna mzigo unavyotoka kwa mkulima mpaka ghalani?”

“Kwa nini mkulima halipwi siku ile ile anayopeleka korosho.”

Hapo 634 haina kazi tena. Tunakwenda 338, uchumi wa kilimo, na 334 kwa vyama vya ushirika, kwa sababu swali ni la stakabadhi ghalani (mzigo unakaa ghalani, mkulima analipwa ukishauzwa mnadani) na vyama vya msingi vya ushirika. Angekuja mzee ambaye maua ya mikorosho yake yameota unga mweupe, swali ni la ugonjwa wa ubwiriunga na dawa ya salfa, na licha ya kitabu angeelekezwa kituo cha utafiti cha Naliendele, hapo hapo Mtwara. Wangekuja akina mama wa kikundi cha kubangua na kufungasha, wangehitaji 664, teknolojia ya vyakula. Wote hao wangesema “kitabu cha korosho”.

Hayo ndiyo mahojiano ya rejea, na yanafundishika kwa saa moja bila projekta. Watu wawili wanaigiza swali kutoka kwenye daftari, wa tatu anasikiliza na kuandika kila mahali mhudumu alipomkatiza msomaji au alipokimbilia rafu kabla ya kuelewa. Mambo mawili nayakazia sana. La kwanza, usiulize “kwa nini unakitaka?” Kwetu swali hilo linasikika kama la ofisi ya mtendaji, na msomaji anarudi nyuma. La pili, usimwache aondoke bila kumuuliza, “Umepata ulichokuwa unatafuta?” Watu wetu wana adabu, hawatakwambia kwamba hujawasaidia. Watashukuru, watatoka, na hawatarudi.

Umri nao una nafasi yake. Binti wa miaka 24 akimhoji mzee wa Newala maswali matatu mfululizo, mzee anaona anapelelezwa na mjukuu wake. Basi tunafanya mazoezi ya kuyafunika maswali kwa heshima: “Babu, nisaidie nielewe vizuri, nisije nikakuzungusha bure.” Maneno hayo hayamo kwenye mwongozo wowote wa kimataifa, na yanafanya kazi kuliko mengi yaliyomo.

Somo la pili ambalo semina za bara hazilifikii ni ukungu. Pwani yetu ina unyevu, na unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda, ukungu unaota kwenye majalada, hasa ya nguo. Dodoma ni kukavu, mkufunzi wa huko hana sababu ya kuliwaza. Nimeona kitabu chenye madoa ya kijani kikifutwa kwa kitambaa cha maji, na hapo ukungu unanyweshwa. Kinachotakiwa ni kukitenga, kukiacha kikauke mahali penye hewa na kivuli, kisha kukipiga brashi laini nje ya jengo, brashi ikielekea mbali nawe, umevaa barakoa. Jua kali likwepwe, linapausha jalada na kukunja karatasi. Rafu zisigusane na ukuta wa nje, ziachiwe nafasi hewa ipite, na vitabu visibanwe kama abiria wa daladala. Na selotepu! Ningekuwa na mamlaka ningeipiga marufuku. Baada ya miaka michache gundi yake inageuka njano, inaingia ndani ya karatasi na haitoki. Ukurasa uliochanika unaungwa kwa gundi ya wanga na karatasi nyembamba, na gundi hiyo inapikwa kwa dakika chache. Anayeishika kazi hii haraka kuliko wote, kwa nilivyoona, ni mhudumu wa usafi, kwa sababu ndiye anayevigusa vitabu vyote kila wiki. Mpe brashi na mafunzo, umepata mhifadhi.

Kompyuta nitazipitia haraka, maana kila mtu anazizungumzia. Programu ya kuendeshea maktaba kama Koha anaweza kujifunza yeyote akipewa muda na mashine isiyozimika. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vijana wanaokuja kuomba mkopo wa elimu ya juu au kazi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na mhudumu kwa wema anawaandikia nywila zao kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni ya kioo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwonyeshe msomaji aandike mwenyewe, hakikisha ametoka kwenye akaunti kabla hajainuka, na usitunze nakala ya cheti chake cha kuzaliwa kwenye kompyuta ya kaunta.

Halafu kuna maswali ya kwetu wenyewe. Mtoto wa Lindi anauliza kuhusu dinosaria wa Tendaguru, mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ambako mnyama mmoja amesimamishwa kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Mwingine anauliza kuhusu mradi wa karanga wa Nachingwea, au reli iliyotoka bandari ya Mtwara ikang’olewa. Haya yanahitaji jalada la mahali: bahasha zenye vipande vya magazeti, ramani, masimulizi ya wazee yaliyoandikwa kwa ridhaa yao. Namna ya kulijenga jalada hilo ni mada ya Jumatano kadhaa, na hakuna atakayetutengenezea kutoka nje.

Wakuu wananiambia, “Mwalimu, ukishawafundisha wanahamishwa.” Ndiyo, wanahamishwa. Wanakwenda Liwale, wanakwenda Nanyumbu, na huko nako kuna wasomaji. Hoja yenye uzito zaidi ni ya uchache: kituo chenye watumishi wawili hakiwezi kumtoa mmoja siku tatu, na ndiyo maana nang’ang’ania saa moja ya kabla ya kufungua.

Swali ninaloulizwa na watumishi wenyewe ni la cheti. Wana haki. Mtu hawezi kujifunza mwaka mzima bila karatasi ya kuonyesha. Tunachofanya ni fomu ya ukurasa mmoja kila mwisho wa mwezi: tarehe, mada, aliyeongoza, na kitu kimoja kilichobadilika kaunta. Mkuu wa kituo anasaini, nakala moja inaingia kwenye jalada la mtumishi, na mtumishi mwenyewe anayaingiza majukumu hayo kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kama kazi iliyofanyika. Nafasi ya kwenda Bagamoyo ikitokea, fomu hizo ziambatanishwe kwenye maombi. Na mhudumu wa usafi naye awe na jalada lake, msimsahau.