Maji ya tangi yakipungua, usiongeze ya bahari

Juzijuzi nimepigiwa simu na nahodha mmoja mstaafu wa huku Shela (Shela ya Malindi jamani, si ile ya Lamu, maana kila nikiandika Shela kuna mtu ananiuliza nimehamia lini). Ananiambia fundi njoo, matumbawe yamejikunja, samaki hawali tangu jana, na mimi kila asubuhi nawaongezea maji safi nimeyateka mwenyewe kule nje. Aliposema "nawaongezea" nikajua ugonjwa hata sijavaa viatu.

Mzee ana tangi la lita 200, zuri sana, kalipanga mwenyewe, ana feni mbili ndogo zinapuliza juu ya maji kwa sababu ya joto. Feni zile zinamkaushia kama lita 4 kwa siku, na yeye kila siku akiona maji yameshuka anatia lita 4 za bahari. Nikachukua tone moja nikatia kwenye rifraktomita, kile kipimo cha chumvi, ikasoma 42, yaani gramu 42 kwa lita. Nikamwonyesha, nikamwambia ya kujazia ni maji matamu, akaishika akaiangalia kwenye mwanga kama anapima jua enzi zake, akaniuliza, "Mwanangu, samaki wa bahari nimpe maji ya mvua?"

Nikamwambia mzee wangu, wewe Gongoni umepita mara ngapi? Si umeyaona yale mashamba ya chumvi, wanafungia maji ya bahari, jua linakausha, maji yanapaa zake chumvi inabaki pale pale? Basi wewe umefungua shamba lako sebuleni. Akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

Hesabu yenyewe ni hii. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 200 kwa hiyo lina kilo 7 hivi. Kila siku maji matupu yanaruka, chumvi hairuki, na wewe unaongeza lita 4 zenye gramu 140. Siku kumi ni kilo 1.4, sasa una kilo 8.4 ndani ya lita zile zile 200, gawanya utapata 42. Mzee alikuwa na siku kumi na moja, alihesabu mwenyewe kwa vidole.

Kwa hiyo yanayoruka unayarudisha kwa maji matamu, na tena si ya bombani moja kwa moja maana yana klorini, wala ya kisima, visima vyetu vya mjini vingi vina magadi na chumvi zake, wala mvua uliyokinga kwenye mabati, mabati yana zinki na matumbawe na kamba hawapatani na madini hayo hata kidogo. Mimi nanunua kwenye vile vibanda vya maji ya kuchujwa, naenda na kakipimo kangu ka kalamu kanakopima madini ndani ya maji, natumbukiza kwanza, kakisoma juu sana narudisha jerikani yangu natafuta kibanda kingine, wenye vibanda wananiona kama mkaguzi. Mwenye uwezo anunue chujio lake afunge nyumbani, shida kwisha. Halafu chora mstari kwa kalamu kwenye kioo, maji yakishuka chini ya mstari jaza mpaka mstari, kila siku, kidogo kidogo, usingoje Jumapili umimine ndoo nzima.

Kurekebisha ndiko watu wanakoua. Ukishagundua una 42 unapata kiherehere unataka 35 leo leo. Samaki anaweza kuvumilia, tumbawe halivumilii. Tulichofanya kwa mzee ni kutoa lita 5 za tangini na kutia lita 5 za maji matamu kila siku, mbali na zile za kujazia mpaka mstari, hapo inashuka kama gramu moja kwa siku, na kwa wiki moja unafika. Siku ya tatu samaki wakaanza kula. Matumbawe laini yalifunguka siku ya sita, ila kuna tawi moja la yale magumu lilikuwa limeshakufa ncha, tukalikata.

Na hii ndio kazi yangu yote kwa ufupi ukitaka kujua, watu wananiita fundi wa samaki lakini samaki mimi siwagusi, mie natunza maji yasiyumbe. Mtu ananiandikia kalsiamu yangu ni 400 (miligramu kwa lita) na wewe ulisema 430 nifanyeje, namwambia kaa, 400 inayobaki 400 wiki nzima ni bora kuliko 430 leo na 380 kesho. Kinachoyumba haraka zaidi ni ule ukali wa maji (alkalini, yaani kabonati iliyoyeyuka ndani yake) unaopimwa kwa kipimo kiitwacho dKH, kwa sababu matumbawe magumu yanautumia kujenga mifupa yake kila siku, yanavyokua ndivyo yanavyokula zaidi. Mimi naweka 8 mpaka 9, napima mara mbili kwa wiki saa ile ile.

Kuurudisha natumia maji ya chokaa. Ndio, chokaa. Nyumba za kale za Lamu zimesimama kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa, sasa sisi tunairudisha chokaa kwa matumbawe, kama deni. Ila usiende dukani kwa mwenye simenti ukachukua mfuko, ile ina uchafu na madini mengine, tafuta ile safi ya kutilia chakula. Gramu moja na nusu hivi kwa lita moja ya yale maji matamu ya kujazia, koroga, acha itulie, tumia maji maangavu ya juu tu, na yaingie tone kwa tone usiku taa zikiwa zimezimwa, maana usiku pH ya tangi hushuka yenyewe na chokaa hupandisha. Ukimimina kikombe kizima kwa pamoja umeua, maji yale ni makali yanachoma hata ngozi.

Sasa joto. Nalenga 26 mpaka 27. Mwezi wa tatu hapa sebule bila feni inaweza kufika 31 na maji yanafuata. Ndani ya tumbawe mna vimwani vidogo sana vinavyolilisha, maji yakizidi joto kwa siku nyingi tumbawe linavitoa, linabaki jeupe, na lisipovipata tena linakufa na njaa. Mwaka 1998 bahari yetu yenyewe ilipashwa hivyo na El Niño, Malindi na Watamu miamba ikageuka mieupe, waulize wapeleka watalii wa Casuarina. Feni inashusha nyuzi mbili hivi, hewa ikiwa na unyevu mwingi inashusha kidogo zaidi ya bure. Usitie barafu, hapo ndio unayumbisha kweli.

Stima ikipotea kinachoua kwanza si joto, ni pumzi. Maji moto yanashika oksijeni kidogo. Kila mteja wangu namwachia pampu ndogo ya hewa ya betri, na kama hana, achote kwa kikombe amwage kutoka juu, dakika chache kila nusu saa, watoto wanaifurahia kazi hiyo.

Samaki wapya wakae tangi la pembeni wiki nne. Ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye tangi la matumbawe, dawa yake ya shaba inaua matumbawe na konokono, kwa hiyo huwezi kutibu mle ndani, umekwama. Na chakula: wakimaliza ndani ya dakika mbili inatosha, mwambie na dada wa kazi, mwambie na shangazi akija.

Matumbawe yenyewe chukua ya kuoteshwa, yaliyokuja na karatasi zake, magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ndani ya hifadhi ya bahari, iliyowekwa tangu 1968, huokoti hata gamba.

Maji ya kubadilisha ya kila wiki, yaani unatoa lita 20 za zamani unatia 20 mpya, hayo sasa ndiyo unaweza kuteka baharini, na hapo nahodha ananizidi mimi. Anateka maji yakiwa yanajaa, mbali na fukwe, kipindi cha kusi. Kaskazi ikianza na mto Sabaki umejaa, tope lote linasukumwa huku mjini, bahari inakuwa chai ya maziwa. Miezi hiyo tunachanganya chumvi ya pakiti, ile ya kutengenezea maji ya bahari. Jana amenipigia, anasema ameshajaza majerikani kumi na mbili yako kivulini nyuma ya nyumba, na mkewe anauliza nguo ataanika wapi.