"Kinyesi cha mtoto hakina neno" na dhana nyingine za vyoo vijijini

Kuhimizana vyoo Tanzania hakukuanza jana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilirushwa redioni, watu wakaisikiliza vikundi kwa vikundi, kisha wakashika majembe na kuchimba. Ndiyo maana vijiji vingi leo havikosi vyoo. Cha kuuliza ni kama choo chenyewe kinatenga mavi na nzi, kuku, miguu na mikono.

"Kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara."
Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote. Mama anakizoa kwa jembe, anakitupa migombani, kazi imeisha. Kumbe mtoto anayetambaa na kula udongo mara nyingi ana minyoo na vijidudu vya kuharisha kumshinda baba yake. Tena mayai ya minyoo ya tumbo hayaambukizi siku hiyohiyo. Yanahitaji wiki kadhaa ardhini ili yakomae, na penye unyevu na kivuli yanaweza kudumu hata miaka. Sasa fikiria migombani! Kinyesi hicho ni cha kutupwa chooni, na maji ya kufulia nepi yaende hukohuko.

"Nzi wanaotua machoni mwa watoto wanazaliwa chooni."
Sivyo. Nzi wa macho, anayesambaza vikope, hutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Ndani ya shimo la choo kwa kawaida hazaliani. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vijiji vilipojengewa vyoo, nzi hao machoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 30 hivi. Anayekwepa choo kwa kuogopa nzi, akaenda kichakani, ndiye anayewafuga.

"Choo chenye bomba la hewa kiwe na mwanga wa kutosha."
Mafundi wengi hukosea hapa. Choo cha namna hii kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, na siri yake ni giza. Nzi aliye shimoni hufuata mwanga. Ndani kukiwa na giza, mwanga pekee anaouona uko juu ya bomba, na pale anakutana na wavu. Ukiweka dirisha kubwa, umemfungulia mlango. Wavu ukitoboka, ni hivyohivyo.

"Choo kikishajengwa, wote watakitumia."
Zipo jamii za magharibi mwa Kenya ambako baba mkwe hawezi kuchangia choo na mke wa mwanawe. Faini ya mtendaji haiondoi heshima hiyo. Choo cha pili kinaweza kulitatua jambo hilo.

"Nikijenga changu, wanangu wamesalimika."
Hapa ukweli unauma. Katika utafiti uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, maboma ya watoto waliokuwa wakifuatiliwa yaliboreshewa vyoo, si kijiji kizima. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kuharisha hakukupungua, na watoto hawakurefuka kuliko wenzao. Mimi naona haishangazi, maana kuku wa jirani hajui mpaka wa boma.

Lakini si kila faida husubiri vipimo. Mama aliyeshikwa na tumbo saa nane usiku, choo kikiwa hatua kumi kutoka mlangoni, hamwamshi mtu amsindikize porini.