Dalali si valua jamani

Hapa Mombasa watu bado wanaamini ukishauza ploti kadhaa Nyali na Bamburi basi ushakuwa valua, yaani mthamini wa bei ya nyumba na ardhi, na sivyo. Udalali una sheria yake, Sura 533 ya sheria za Kenya, uthamini nao una Sura 532 na bodi yake ya usajili. Mara nyingi mtu huanza na digrii ya mambo ya ardhi, halafu anafanya kazi chini ya valua aliyesajiliwa, na hapo ndo utamu, unashika futi unapima chumba kwa chumba, unaandika ufa wa ukutani na chumvi ilivyokula nondo, unalinganisha na nyumba za jirani zilizouzwa kweli sio zinazotangazwa tu. Ami yangu alipeleka benki bei aliyoandikiwa na dalali, ikarudishwa palepale.