“Mjini kila mtu na lake”: uongo unaowanyima wageni raha ya Kampala

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Muuguzi kutoka Arua, amepata kazi hapa Kampala, ameshuka kwenye basi la usiku na hata chai hajanywa. Kabla sijamuuliza ana kiasi gani cha kodi, ameshaniambia: “Dada, mimi nitafutie nyumba ya geti, yenye ukuta mrefu, nisijuane na mtu. Mjini kila mtu na lake.”

Huu ni mwaka wangu wa 14 wa udalali wa nyumba Kampala. Wateja wangu wengi ni wasemaji wa Kiswahili: watu wa Arua na Koboko, wa Bombo, wa Bunia na Goma, Wakenya wanaovukia Busia. Maneno hayo nimeyasikia kwa kila lafudhi, na mwisho wake naujua. Nyumba ya ukuta inapatikana bila shida, zimejaa vitongoji vya Kira, Najjera na Namugongo. Mteja anaingia, anafunga geti. Asubuhi anatoka jua halijachomoza, jioni anarudi jua limeshazama. Jumapili analala. Mwezi wa tano au wa sita simu yangu inalia: “Dada, mji umenishinda, narudi nyumbani.” Namuuliza duka la karibu naye ni la nani. Hajui. Mwenyekiti wa zoni yake ni nani? Hajui. Mji umemshinda vipi, na hajaanza kuuishi?

“Mjini hakuna ujirani”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kijijini unajulikana kabla hujazaliwa. Unaitwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, na hata usipomsalimia mtu atakuulizia ukiumwa. Kampala haiko hivyo. Hapa hujulikani mpaka ujitambulishe. Mgeni anafika, anapita mbele ya majirani kimya, nao wananyamaza, basi anahitimisha kwamba watu wa mjini wana roho ngumu. Kumbe wanamngoja. Wao walikuwepo, yeye ndiye aliyekuja, na kwa desturi zetu zote anayefika ndiye anayebisha hodi.

Twendeni Najjanankumbi, kwenye mizigo sita, ndivyo tunavyoita vyumba vya kupanga, iliyopangwa mstari mmoja ikitazama uani, saa kumi na mbili jioni. Majiko ya mkaa yako barazani. Ambaye moto wake umeshika anachota kaa mbili tatu kwa kijiko kikuukuu na kuzitia kwenye jiko la jirani, bila kuombwa. Wingu linatanda upande wa ziwa. Mama wa chumba cha 2 anakimbilia kamba, anaanua nguo zake, halafu za chumba cha 5 ambaye bado yuko kazini, anazikunja na kuziweka juu ya kiti ndani kwake. Matone yanaanza. Mwenye nguo anafika amelowa, anaita kutoka mlangoni, “Mama, nguo zangu unazo?” Anajibiwa, “Ninazo, ingia unywe chai kwanza.” Nilikuwepo nikimwonyesha mteja chumba cha 6, kilichokuwa wazi. Mteja akanivuta pembeni na kuninong’oneza kwamba pale watu wameingiliana mno. Nikampeleka Najjera alikotaka. Chumba cha 6 kikachukuliwa na fundi cherehani kutoka Bunia, naye mpaka leo hajahama. Mwanawe alipopandwa na homa kali usiku wa manane, aliyewapeleka hospitali ni kijana wa boda wa chumba cha 3, na aliyebaki na watoto wengine ni yule mama wa chumba cha 2.

Tena ujirani wa Kampala una mpangilio, haukuachwa kwa bahati. Kila kijiji, na hapa mjini tunaita zoni, kina LC1 yake, yaani baraza la serikali ya mtaa, utaratibu ulioanza 1986 wakati zikiitwa RC. Kamati ya LC1 ina watu 10, lakini kisheria baraza la kijiji ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa hiyo siku unapojiandikisha kwa mwenyekiti unaingia barazani, na una haki ya kusimama na kusema mtaro umeziba. Siku hiyohiyo ndiyo inayokupatia barua yenye muhuri utakayodaiwa benki, shuleni na kwenye kitambulisho. Wateja wangu wa geti huwa wananipigia wakiwa wamekwama benki, wakiuliza barua ya LC1 inapatikana wapi. Inapatikana kwa mtu unayepita mbele ya nyumba yake kila siku.

Jirani akifiwa, mtu anapita na daftari kukusanya mabugo, yaani mchango wa rambirambi. Toa. Kiasi hakijalishi, jina lako kwenye daftari ndilo linalosomwa. Akina mama wana nigiina, wanazungushana zawadi: mwezi huu masufuria ya huyu, mwezi ujao godoro la yule. Wanaoandaa harusi wanaita vikao jioni, na hata mgeni wa wiki tatu hualikwa. Mtu anayenieleza kwamba Kampala kila mtu na lake hajawahi kukaa kwenye kikao kimoja cha harusi, akaona watu waliokutana kwenye boma la kupanga wanavyohesabiana ahadi za mbuzi, maturubai na keki.

Sisemi majirani wote ni malaika. Ugomvi upo, na mwingi ninaouona una chanzo kimoja: Yaka ya pamoja, yaani umeme wa kulipia kabla. Vyumba vinne vinatumia mita moja, mmoja anapiga pasi kila asubuhi, mwingine ana friji, wa tatu ana balbu moja tu, halafu wote wanachanga sawa. Hapo hata ndugu wa tumbo moja watagombana. Dawa yake haijengwi kwa ukuta. Dai mita yako mwenyewe kabla hujalipa kodi, na kama haiwezekani, kubalianeni viwango mbele ya mwenye nyumba siku ya kuingia.

Mgeni wangu huwa nampa kazi tatu za wiki ya kwanza, na sitanii ninapomfuatilia kwa simu kama amezifanya. Aende kwa mwenyekiti. Sukari, sabuni na chumvi anunue duka moja lililo karibu zaidi, mpaka mwenye duka amjue kwa jina. Siku mshahara ukichelewa ataelewa kwa nini nilisisitiza. Na aende steji ya boda iliyo karibu, achague mtu mmoja, achukue namba yake, amtumie huyohuyo kila siku. Yule muuguzi wa Arua ana zamu za usiku. Nilimwuliza: saa tano usiku utasindikizwa na ukuta au na mtu?

“Nyumba ya mbali ni nafuu”

Hapa wanaume ndio wanaonichosha zaidi. Ameambiwa vyumba viwili Matugga ni bei ya chumba kimoja Makindye, basi anaona dalali anataka kumwibia. Kaa chini upige hesabu. Kama nauli ni 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, kwa siku 26 za kazi hiyo ni 156,000, na mvua ikinyesha taksi, yaani vibasi vya abiria, hupandisha. Bado hujahesabu saa mbili za foleni asubuhi na mbili jioni. Saa hizo ndizo ulizohamia mjini kuzifaidi. Mtu anayeshuka kwenye taksi saa tatu usiku, magoti yamekufa ganzi, hatapita Wandegeya kula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, ikitoka kwenye moto, mayai bado yanachuruzika, na hatakwenda kusikiliza muziki popote. Kampala anaiona kupitia dirisha la taksi tu.

Ushauri wangu haujabadilika tangu naanza kazi hii: chukua kidogo, karibu. Chumba kimoja unakotoka kwa miguu kwenda kazini, sokoni na ibadani kina raha kuliko nyumba ya sebule mbili huko mwisho wa lami. Na uende kukitazama mvua ikinyesha au saa moja baada ya kunyesha. Kampala ni vilima na mabonde, na maji yote ya vilima yana njia yake. Kodi ya Bwaise na ya mabonde ya Kalerwe inaonekana tamu mwezi wa Januari. Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, ndipo utakapojua kwa nini kitanda cha aliyekutangulia kilikuwa juu ya matofali.

“Mwenye nyumba akiamka vibaya anakutupa nje”

Hapana. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 imefanya kuwa kosa kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi lazima uwe wa maandishi. Andikeni, hata kama kodi ni ndogo, na risiti zote zitunzwe pamoja na mkataba. Wanaofungiwa milango kwa kufuli jipya wengi walilipa mkononi, bila karatasi.

“Bila Kiganda utateseka”

Utateseka usipotaka kujifunza salamu, basi. Kisenyi, Katwe na Old Kampala unaweza kununua, kuuza na kugombana kwa Kiswahili kutwa nzima. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wazee wengine bado wanakihusisha na bunduki za kambini, kwa sababu ndivyo walivyokisikia miaka ya Amin, kwa hiyo usikianzishe kwa amri na sauti kubwa. Anza na “wasuze otya nno, nnyabo” asubuhi, “osiibye otya nno, ssebo” jioni. Ukikosea atakurekebisha huku anacheka, na hapo ujirani umeshaanza.

“Usiku usitoke, utaibiwa”

Simu inanyakuliwa mchana kweupe kwenye foleni, ukiwa umeishika dirishani. Ifiche. Usiku kaa palipo na taa na watu, na urudi na yule mtu wako wa steji, ukivaa helmeti. Kujifungia ndani kuanzia saa kumi na mbili, katika mji ambao jioni ndipo unapochangamka, ni adhabu uliyojihukumu mwenyewe.

“Raha za mji ni za wenye pesa”

Wanaosema hivi wameonyeshwa Kabalagala, mtaa wa baa, siku ya mshahara, wakalipa, na kesho yake wakasema Kampala ni ghali. Kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, kinamshibisha fundi mpaka jioni. Owino, ambayo kwa jina rasmi ni Soko la St. Balikuddembe, inamvalisha mwalimu mpya suti ya kazini kwa pesa ambayo dukani isingenunua tai. Nakasero asubuhi kuna mananasi yaliyokatwa, pasheni, maembe, na Novemba nsenene, wale panzi wa kuliwa, zikiwa zimeshanyofolewa mabawa, unaonja kiganjani kabla ya kununua. Kule kwetu tulingoja msimu na gari la mnada. Hapa unashuka kilima kwa miguu.

Makumbusho ya Uganda pale Kitante, yaliyoanza 1908, yana ngoma na vinanda vya nchi nzima, na mtu wa West Nile, upande wa Arua, hukuta ala za babu yake zimetunzwa vizuri. Hekalu la Wabahai kwenye kilima cha Kikaaya, lililofunguliwa 1961, lina bustani pana na tulivu, na unaweza kukaa kwenye nyasi na watoto mchana mzima bila mtu kukuuliza dini yako. Ggaba kuna upepo wa ziwa na samaki aliyekaangwa mbele ya macho yako.

Lakini pa kwanza ni Old Kampala, kwenye mnara wa msikiti mkuu. Wageni wa dini zote wanapokelewa kwa kiingilio, viatu unaviacha mlangoni, wanawake wanapewa kitambaa cha kujifunga, na ngazi ni zaidi ya 300. Siku hizi kila mteja mpya namtuma huko kabla sijamwonyesha chumba hata kimoja. Yule muuguzi nilipanda naye mwenyewe Jumamosi. Akashika ukuta akihema, akatazama vilima vya Namirembe na Rubaga vikiwa usawa wa macho, maegesho ya taksi chini yake yamejaa vigari vyeupe kama punje za mchele kwenye ungo, mabati ya Owino, barabara zikipanda na kushuka. Akakaa kimya muda. Nilimwonyesha hospitali yake, kisha nikamwonyesha mabonde maji yanakoteremkia. Akanyoosha kidole kwenye mteremko ulio katikati ya vyote viwili, akauliza, “Na pale, dada, kodi ikoje?”